Nimeridhika Kwamba Lifti Hii Ni Salama

9 Machi

Mpwa wangu, mwalimu wa watu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu dada yangu ambaye kwako ni mama, halafu shemeji na mguu wake. Mimi mzima. Kile kikohozi kilichonishika tangu mwaka uanze kimeniacha kikahamia kwa jirani wa chumba cha pili, sasa namsikiliza yeye ukutani. Chumba changu ni kile kile, kitanda, meza, birika la chai na dirisha linalotazama ukuta. Nimebadilisha pazia, usije ukasema sina maendeleo.

Nasikia umepewa Kiingereza cha darasa la juu kabisa. Hongera. Mimi nilijua zamani, tangu una miaka minne unawasahihisha wageni sebuleni.

Sasa nije kwenye lililonileta. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningekwambia nitakupigia baadaye, nikakimbia. Ni hivi. Kati ya miaka yangu yote ya huku, tisa nimebeba sanduku la spana nyuma ya watu. Lifti natengeneza mimi, anayesaini ni mwingine, kwa sababu mwenye cheti cha ukaguzi ndiye anayesaini. Yupo mmoja tunamwita Bwana Saini. Hapandi chumba cha mashine hata siku moja. Anakaa chini anakunywa kahawa, anauliza, "Tayari?" kisha anatoa kalamu. Cheti kinatolewa kwa mtihani, na mtihani ni wa mdomo, kwa Kiingereza, mbele ya watahini watatu. Nimeufanya mara mbili na nimeanguka mara mbili. Ndiyo, sikukwambia. Mtu anaruhusiwa mara tatu tu maisha yake yote. Ya tatu ni Oktoba. Nikianguka tena, nitabeba sanduku mpaka mgongo useme basi.

Usidhani kazi siijui. Kazi naijua, wewe mwenyewe shahidi. Mimi nikiweka kiganja kwenye mashine inaniambia inaumwa wapi. Kinachoniangusha ni sentensi moja. Ukimaliza kukagua wanakuuliza, na lazima ujibu kwa maneno yaliyomo kwenye cheti: "I am satisfied that this lift is safe." Yaani nimeridhika kwamba lifti hii ni salama. Basi! Kasuku angesema. Mara ya kwanza nikajibu kamba ina unene unaotakiwa. Mara ya pili nikajibu breki nzuri, mlango mzuri, taa nzuri. Mzee mmoja mwenye upara akaniuliza tena kwa upole, "Lakini wewe, umeridhika?" Nikamwambia na grisi nayo nzuri. Wakafunga faili.

Maneno nayajua. Yanafika kooni yanakaa chini. Nifundishe, mpwa wangu, mimi nimeshindwa.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja lakini maneno yote yako hai. Huku wazima. Mama anasema amekusikia. Ndivyo alivyosema, "Mwambie nimemsikia," usinidai zaidi. Baba hajambo, mguu unamsumbua asubuhi tu, anasema unatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu sana, na akishakusalimu ananyamaza, unamjua. Mimi nina watoto sitini na wanne kwenye madawati ishirini. Nikigeukia ubao nasikia wanavyosukumana, nikigeuka wote malaika.

Kwanza nikugombeze. Mara mbili! Mtu mzima na nywele zako unaficha mtihani kama watoto wangu wanavyoficha ripoti chini ya godoro! Haya, yameisha, nimeshagomba.

Somo lenyewe si gumu. Kiingereza kina maneno ya hali ya mtu: "glad" umefurahi, "sorry" unasikitika, "afraid" unaogopa, "sure" una hakika, "satisfied" umeridhika. Unaanza na wewe mwenyewe, unasema uko katika hali gani, unaweka "that", ambayo ndiyo kwamba yetu, halafu ndipo unaleta jambo. Wewe Mjomba unaleta jambo peke yake. Kamba hivi, breki vile. Mwenyewe hujitokezi kabisa, kama vile lifti imejikagua. Wale watahini kamba wameiona kwa macho yao. Wanachotaka kujua ni kama kuna mtu anayesimama nyuma ya maneno.

Kwa hiyo amri ya mwalimu: kila barua uniletee sentensi tano za namna hiyo, kwa Kiingereza, kwa mkono wako. Ziwe za kweli. Ukiniletea za kitabuni nitazijua, kazi yangu ni kuwakamata wanaonakili.

Mpwa wako, na kwa suala hili mwalimu wako


30 Aprili

Mwalimu,

Marahaba. Salamu kwa wote, na dada mwambie nami nimemsikia kwamba amenisikia. Huku jua limeanza kuwa kali, na chumba cha mashine kipo juu ya paa, chini ya bati. Ukipanda saa nne asubuhi unashuka umepungua kilo. Wiki hii tuko hospitali. Wagonjwa wanapandishwa kwenye vitanda vyenye magurudumu, wauguzi wananiuliza, "Fundi, bado?" kila baada ya dakika mbili. Nikimaliza, Bwana Saini anamalizia kahawa yake.

Zoezi lako hili hapa. Kwa Kiingereza liko karatasi ya pili, lakini kwa kifupi nimesema hivi. Nimefurahi kwamba bolti zote zimekaza. Nasikitika kwamba fyuzi imeungua. Naogopa kwamba mlango wa ghorofa ya tatu unakwaruza. Nina hakika kwamba leo ni Jumatano. Nimeridhika kwamba. Hiyo ya tano imeishia hapo kwa sababu kalamu imeisha wino.

Mjomba wako


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kalamu iliyoisha wino imeandika anwani ya bahasha vizuri sana, na herufi kubwa zote mahali pake.

Huku salama. Mama amekwangua na kupaka upya ukuta wa jikoni kwa mikono yake, hataki fundi. Baba amezuiwa kusaidia, anakaa kwenye kiti anatoa maelekezo yasiyosikilizwa. Mtoto wangu mmoja darasani ameandika insha ya kurasa nne juu ya nyanya, sijui nimpe maksi au nimpe shamba.

Wewe nakupa mbili kati ya kumi. Hakuna kosa hata moja la Kiingereza, na ndicho kinachoniudhi. Bolti haihitaji furaha yako, Mjomba! Na Jumatano ingekuwa Jumatano hata usingekuwa na hakika. Nilisema za kweli. Wewe ni mtu mzima, umeacha nyumba, umeacha dada, miaka kumi na moja hujarudi hata kwa likizo, na kwenye moyo wako wote umekuta fyuzi tu? Niletee watu. Sentensi tano zenye watu ndani. Mtu asiyeweza kusema "nasikitika kwamba" kwa mpwa wake hawezi kusema "nimeridhika kwamba" mbele ya mzee mwenye upara.

Nimekuwa mkali. Nitakuwa mkali mpaka Oktoba.

Mwalimu wako


6 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kwa nyumba nzima. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na kazi. Hapana, nikueleze kweli, kazi ilikuwepo lakini si iliyonichelewesha. Mzima niko. Jirani amepona kikohozi, amenunua filimbi, nakumbuka kikohozi kwa heshima.

Zoezi liko karatasi ya pili. Liko kwa Kiingereza na libaki kwa Kiingereza, ni kati ya mwalimu na mwanafunzi. Sahihisha, unirudishie maksi, usiulize maswali.

Mjomba wako


27 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za darasani. Kaa chini kabla hujasoma, na kama uko juu ya lifti, shuka.

Lazima nianze na kosa langu. Barua zako huwa nazisoma mezani baada ya chai, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba karatasi ya zoezi nayo nilikuwa nawatafsiria. Zile za bolti na fyuzi zilimchekesha baba mpaka chai ikamtoka puani, ndiyo maana hii ya pili ilipofika wote walikuwa wamekaa wanasubiri kicheko. Na mimi, kwa sifa za kiualimu, nikatafsiri papo hapo huku nasoma, bila kutangulia kuangalia. Uliposema libaki kwa Kiingereza mimi nilidhani unaona haya tu ya makosa. Nisamehe, nilikuwa mjinga.

Nikasoma ya kwanza: nimefurahi kwamba dada yangu anapaka kuta mwenyewe. Mama akatabasamu, akajifanya anafuta meza. Ya pili: nina hakika kwamba mpwa wangu ni mwalimu mzuri. Ya tatu: naogopa kwamba nikirudi hakuna atakayenitazama usoni. Hapo ningesimama. Sikusimama, mdomo ulikuwa umeshashika mwendo. Ya nne: nasikitika kwamba nilimwambia baba yako winchi ni salama.

Baba alikuwa ameinua kikombe. Akakiweka chini taratibu, akashika ukuta, akatoka nje. Mimi nilibaki na karatasi mkononi na ya tano hata sikuisoma kwa sauti. Niliisoma baadaye peke yangu. Uliandika "I am satisfied that" na baada ya hapo umekata, umeandika, umekata, mpaka karatasi imetoboka.

Mjomba, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ninachojua ni kile tulichoambiwa: wewe ulitengeneza winchi ya kupandishia magunia pale ghalani kwa baba, ukamwambia aitumie, kamba ikakatika, baba akaanguka kutoka juu, mguu ukavunjika mahali pawili. Wewe ukasafiri kabla hajatoka hospitali. Humu ndani hatukulizungumza tena. Mama alipokuwa anasema "nimemsikia", ndilo alilokuwa anasema.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu baba akanijia na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele yangu akasema, "Chukua kalamu, uandike hivi hivi ninavyosema, usipambe." Nimeandika hivi hivi.

"Shemeji. Siku ile uliniambia magunia manne, yasizidi. Uliniambia mara mbili na vidole ukanionyesha. Mimi nilitaka kumaliza mapema. Nikapakia saba, halafu na mimi nikapanda juu yake kwa uvivu wa kupanda ngazi. Kamba ilikatika, ingefanyaje? Wewe ulipokuja mbio, wenzangu walikuwa wameshayavuta magunia pembeni ili wanifikie, ukakuta mtu mmoja chini na kamba imekatika, ukadhani ni mkono wako. Nilikuona uso wako ulivyokuwa. Ningesema pale pale. Niliona aibu. Nikasema nitasema nikitoka hospitali, nikatoka nikakuta umeshasafiri. Baada ya hapo kila mwaka ukawa mgumu kuliko uliopita. Miaka kumi na moja nakula chakula cha dada yako na yeye anakulaumu wewe, na mimi natafuna. Winchi ilikuwa salama, shemeji. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Akaniambia, "Weka nukta." Nikaweka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Siku nne hajamsemesha baba. Anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie huyo bwana chai iko tayari." Baba anaijibu sufuria kwa heshima zote. Jana mama akaniambia, "Mwandikie ndugu yangu. Mwambie," halafu akashindwa, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikamfuata nikamkuta amejifunika uso na shuka lenye maji. Alipomaliza akasema niandike tu kwamba dada yako amekukosea na anajua.

Maksi sikupi. Sijui kusahihisha kitu kama kile.

Mpwa wako


11 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita na nusu. Najua barua imefika kwa sababu niliituma kwa rejesta na ulisaini, sahihi yako nimeiona posta. Mama kila jioni ananiuliza kama posta wamefunga. Baba haulizi, anakaa tu upande wa mlango.

Ukiwa na hasira, sema una hasira. Neno lake lipo, "angry", na halina ubaya. Lakini mtihani ni mwezi ujao, na mimi sikukupigia kelele tangu Machi ili uje uanguke kwa sababu yetu sisi.

Mimi


25 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada posta iko wazi, aliyefunga ni mimi.

Barua ya shemeji niliisoma nikiwa kazini, juu ya paa la kibanda cha lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Niliifungua pale kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mtu hawezi kukufuata. Nilikaa nusu saa. Watu chini walipiga kengele mpaka wakachoka, wakapanda ngazi wakinitukana. Nililia, nakwambia wazi, nililia na grisi mikononi, uso wangu ukawa wa kutisha, hata Bwana Saini aliacha kahawa akauliza kama kuna mtu amekufa.

Baadaye zikaja hasira. Hizo ndizo zilizochukua wiki zote. Nilikuwa natembea njiani nagombana na shemeji kwa sauti, watu wananipisha. Miaka kumi na moja! Nilikuwa siwezi kumwambia mtu kiti hiki kizima, kaa. Nikiulizwa njia nilikuwa nasema sijui, hata mtaa wangu mwenyewe, nisije nikampoteza mtu. Na mwenzangu alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nilipakia saba.

Halafu juzi nikiwa nafua nikajikuta nacheka. Saba! Na yeye juu yake! Mtu ana kilo tisini! Nilipocheka nikajua zimekwisha.

Zoezi la Septemba, na hili litafsiri mezani, tena kwa sauti. Nimefurahi kwamba shemeji amesema. Nasikitika kwamba tumepoteza miaka. Nina hakika kwamba ingekuwa yeye fundi na mimi mbebaji, mimi ningepakia nane. Naogopa kwamba dada atamaliza sufuria zote kabla hajasema na mumewe, amsamehe. Ya tano sijaiandika, naiweka kwa ajili ya siku yenyewe.

Mtihani ni tarehe ishirini.

Mjomba wako


27 Oktoba

Mpwa wangu, dada yangu, shemeji yangu, wote kwa pamoja,

Nawasalimu mkiwa mezani, najua mko mezani. Mimi mzima, mzima kabisa, sijawahi kuwa mzima namna hii. Mwalimu, safari hii huna haja ya kutangulia kuangalia. Soma tu.

Tarehe ishirini asubuhi walitupeleka jengo moja la ofisi, ghorofa kumi na moja. Tulikuwa watahiniwa watano na mimi wa mwisho. Wanne waliotangulia walishuka mmoja mmoja wanacheka, kila mmoja amefaulu, wakaniambia, "Nyepesi hiyo, lifti nzima, sema sentensi yako uende zako." Na kweli. Ndani ya kibanda kuna cheti kipya kabisa cha siku tisa, chini yake mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu. Bwana Saini.

Watahini ni wale wale. Mzee mwenye upara, mama mmoja wa miwani anayeandika kila kitu, na wa tatu ambaye sijawahi kusikia sauti yake. Nikakagua. Kamba sawa. Breki sawa. Milango sawa, taa, kengele, kila kitu sawa. Tukapanda chumba cha mashine. Nikaomba waiwashe, nikaweka kiganja.

Ikapiga hodi. Ndogo sana, kila gurudumu la kamba likizunguka, hodi moja, kimya, hodi moja, kimya. Sikioni huisikii. Nikatoa kiganja, nikapangusa, nikarudisha. Hodi. Ndani ya beringi kuna kitu kimevunjika, na beringi ndiyo inayobeba gurudumu, na gurudumu ndilo linalobeba kamba, na kamba ndizo zinazobeba watu.

Hapo ndipo nilipoona hofu, msinicheke. Watu wanne wamesema ni salama. Cheti kinasema ni salama. Nimefanya mazoezi ya sentensi moja tangu Machi, nimeisema bafuni, nimeisema kwenye foleni ya mkate, sasa iko hapa kwenye ncha ya ulimi, imetulia, haikwami hata kidogo. Niiseme tu nichukue cheti. Nikisema kinyume na nikawa nimekosea, hakuna mara ya nne.

Mzee mwenye upara akaniuliza. "Umeridhika kwamba lifti hii ni salama?"

Nikamwambia, "I am not satisfied that this lift is safe."

Sijaridhika! Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, haikutetemeka. Mama wa miwani akaacha kuandika. Akasema lifti hii ina cheti. Nikamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka: nasikitika kwamba inacho. Nina hakika kwamba beringi ya upande wa kushoto imevunjika. Naogopa kwamba haimalizi mwezi. Zote tatu mfululizo, mwalimu, "sorry", "sure", "afraid", kila moja na "that" yake, kama watoto wako kwenye mstari.

Wakatazamana. Yule asiye na sauti akasogea akaweka kiganja chake nilipoweka changu. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, na ndiyo siku niliyomsikia, "Izimeni."

Wakaitwa watu, ikafunguliwa pale pale mbele yetu. Beringi imepasuka, vipande viwili, na gololi zake zimetafunana. Moja ikadondoka kwenye kiganja cha mzee mwenye upara, akaitazama kama mtu aliyetolewa jino lake mwenyewe.

Lifti ikafungwa, kwa hiyo ilibidi tushuke ngazi wote wanne, ghorofa kumi na moja, mimi na watahini wangu. Kwenye ya tisa mama wa miwani akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia kiganja. Akaandika "kiganja" huku anatembea. Kwenye ya tano mzee mwenye upara akakaa kwenye ngazi kuvuta pumzi, akafungua faili juu ya magoti yake, akatia muhuri. "Umefaulu," akasema. "Wale wanne warudi kesho. Na huyu aliyesaini cheti, nataka kuonana naye."

Nilipiga kelele, dada! Kwenye ngazi za watu, na mwangwi wake ukashuka mpaka chini, mlinzi akapanda mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Hakuna aliyeanguka. Nilimkumbatia yule mlinzi, simjui hata jina.

Beringi mpya ilifika baada ya siku nne na wakataka niifunge mimi, na nikague mimi. Jana. Nilimaliza saa tano asubuhi. Nikaweka kiganja, nikasubiri mizunguko hamsini, nikahesabu. Kimya. Mama wa miwani alikuja mwenyewe kushuhudia, akaniuliza lile swali. Nikajibu, "I am satisfied that this lift is safe," na mashine ikiwa imezimwa maneno yaligonga kuta zote za chumba kile yakanirudia. Nikasaini. Shemeji, nilisaini taratibu, jina lote, mpaka herufi ya mwisho.

Kisha nikashuka chini. Watu wa zile ofisi walikuwa wamepanda ngazi siku sita, wamejaa pale ukumbini na mafaili yao, wanatazama namba juu ya mlango. Hakuna aliyekuwa anataka kuwa wa kwanza. Mwanamke mmoja mjamzito akaniuliza, "Fundi, iko salama kweli?" Nikamwambia nina hakika, mama, na sahihi ni yangu. Nikamshikia mlango. Akaingia, na wengine wote wakamfuata.

Mjomba wenu, mkaguzi wa lifti, ambaye Desemba anakuja nyumbani